Mikoba ya mtumba: anza na ngozi, namba baadaye

Kila anayenijia kutaka kujifunza kazi hii ya mikoba huanza na suali hilohilo: "Dada, nitaijuaje namba kama ni ya kweli?" Ameshika simu, amekuza picha ya ile namba inayogongwa ndani ya mikoba ya chapa kubwa kama Louis Vuitton au Gucci. Namwambia aiweke simu kwanza. Nina miaka kumi na moja nafungua mabelo Darajani, hapa Unguja, na kununua mikoba kwa watu waliorudi Muskati, Dubai na Uingereza, na namba huwa naitazama mwisho, kwa sababu ndiyo kitu chepesi kuliko vyote kughushi. Kugonga tarakimu juu ya ngozi hakutaki ufundi mkubwa wala mtaji. Ngozi nzuri, uzi mzuri na mtu wa kuushona mkoba kwa subira, hapo ndipo pesa zinapokwenda, na mghushi anazikimbia pesa hizo.

Mwaka wangu wa pili niliokota kwenye belo mkoba wa kahawia, mzito, wenye mkanda mrefu na kitasa cha shaba cha kuzungusha. Nikaufungua, nikaona hauna bitana. Ndani ni ngozi tupu, upande wa nyama, ina vinyweleo kama mahameli iliyochakaa. Nikasema huu haukumalizwa kushonwa, feki. Nikamwachia mama mmoja kwa shilingi 8,000, mwanawe akatilie madaftari. Mama yule akaupeleka kwa fundi viatu wa Mkunazini kupunguza mkanda, na fundi huyo ndiye ninayempelekea kazi zangu mpaka leo. Nilipokwenda kwake wiki ile akaniuliza, "Mwanangu, ule mkoba uliupata wapi? Kisu changu kilikataa kupita mara ya kwanza. Ngozi ya unene ule siipati hapa."

Ule ulikuwa Coach wa zamani. Kampuni ilianza mwaka 1941 kwenye karakana ndogo Manhattan, New York, na mikoba yake ya zamani ilishonwa kwa ngozi nene ya ng'ombe, iliyolainishwa kwa namna ya ngozi ya glavu za besiboli, bila bitana. Kile kitasa aliwaletea mbunifu Bonnie Cashin, aliyeanza kazi kwao mwaka 1962, na wazo alilitoa kwenye vifungo vya paa la gari lake la wazi. Ndani hushonwa kipande cha ngozi chenye maandishi yaliyogongwa na namba. Kuanzia 1994 sehemu ya mwisho ya namba ile ni namba ya muundo, kwa hiyo ukiitafuta kwenye intaneti na ukaletewa mkoba wa sura nyingine kabisa, shituka. Lakini mikoba ya kabla ya hapo namba yake haikwambii muundo. Usiutupe mkoba wa miaka ya 80 kwa sababu umetafuta namba na hukupata kitu.

Nimeanza na Coach kwa makusudi. Kwenye mabelo yetu utakutana zaidi na mikoba ya namna hii. Hermès, ule mkoba wa Kifaransa wa bei kubwa mno, unaweza kukaa miaka hujaugusa, na ukiletewa Hermès watatu kwa siku moja, unajua wametoka kwa waghushi.

Sasa ngozi. Usiitazame usoni, huko kila mtu amepamba. Tafuta pahala ilipokatwa. Mimi hupenda matundu ya mkanda, yale ya kupitishia bizimu. Washa tochi ya simu, upinde mkanda kidogo mpaka tundu lifunguke. Ngozi halisi itakuonyesha nyuzinyuzi zilizosokotana, hazina mpango, rangi imeingia ndani au imefifia kidogo kidogo. Ya bandia itakuonyesha utando mwembamba juu na kitambaa cheupe chini yake, wakati mwingine unaona hata kufuma kwake. Kisha bonyeza kwa kidole gumba: ngozi hukunjana mikunjo midogo isiyolingana, kama mgongo wa kiganja chako. Na hewa yetu hii ya unyevunyevu inatusaidia, kwa sababu ngozi nyingi za bandia hazistahamili. Baada ya masika mawili zinabanduka magamba.

Harufu wengi huitegemea, mimi siiamini sana hapa Unguja. Mikoba yetu hukaa kabatini pamoja na nguo zilizofukizwa udi. Nimenusa mikoba ya plastiki inayonukia kama chumba cha biharusi.

Vyuma vya mkoba, yaani vitasa na bizimu, uvipime kwa sumaku ndogo, ile ya kubandika kwenye friji inatosha. Shaba haishikwi na sumaku, chuma hushikwa. (Angalia tu usidanganywe na vifungo ambavyo vyenyewe ni vya sumaku.) Hata bila sumaku, tazama kutu. Sisi tunaishi na chumvi ya bahari, kila kitu kinasema ukweli wake. Shaba nyeusi kidogo au yenye kijani kwenye pembe, kama misumari ya milango ya Mji Mkongwe isiyosuguliwa, hiyo ni shaba. Kutu nyekundu inayotoka chini ya rangi ya dhahabu ni chuma kilichopakwa, na mkoba wa thamani kubwa hautarajiwi kuwa hivyo. Zipu yenye chapa ya YKK haithibitishi chochote, ipo kwenye mikoba ya kweli na ya uongo.

Mshono ndio unaohitaji jicho la muda mrefu. Charahani hufunga nyuzi mbili katikati ya ngozi. Uzi mmoja ukikatika, mshono unaweza kufumuka. Mshono wa mkono wa Hermès unatumia uzi wa kitani uliopakwa nta na sindano mbili zinazopishana katika kila tundu, ndiyo maana ukikatika pahala pamoja penginepo pamekaa. Mistari yake hulala mshazari kidogo, na ukitazama kwa karibu utaona mkono wa mtu. Kwa hivyo mshono ulionyooka kama umechapishwa si sifa kwenye mkoba unaodaiwa kushonwa kwa mkono. Nenda kakae kwa fundi viatu yeyote anayetumia maharazi, kile chombo cha kutobolea ngozi, nusu saa tu, utaelewa zaidi ya haya niliyoandika.

Louis Vuitton ndio unaosumbua watu kwa sababu ule mfano maarufu wa monogramu, wa herufi L na V zilizopandana, uliobuniwa mwaka 1896, kwa kawaida si ngozi. Ni turubai ya pamba iliyopakwa plastiki. Ngozi ni mikono ya kushikia mkoba na ukingo, na ni ngozi ya asili isiyopakwa rangi nzito: huanza nyeupe kama maziwa yenye chai kidogo, kisha jua na jasho la mikono huigeuza rangi ya asali. Mtu akikuletea mkoba wa "mwaka 1998 umetumika sana" na mikono yake bado myeupe, muulize kama ilibadilishwa.

Mwaka juzi nilimwekea bibi mmoja Speedy wa zamani, mkoba wa Louis Vuitton wa kushika mkononi, kwa ajili ya harusi ya mwanawe. Akaugeuza nyuma, akaona zile herufi L na V zimepinduka miguu juu, akanirudishia kwa ukali: "Wewe mtoto, unaniuzia cha kushonwa kinyume?" Nikamwonyesha chini ya mkoba. Hakuna mshono. Speedy wa kawaida wa monogramu hukatwa kipande kimoja cha turubai, kinashuka mbele, kinapita chini, kinapanda nyuma, basi herufi za nyuma lazima zipinduke. Wenye kughushi ndio wengi wanaozinyoosha pande zote mbili, na ili wanyooshe hulazimika kutia mshono chini.

Hapo sasa ndipo namba inapofaa. Louis Vuitton wa 1990 mpaka 2006 una herufi mbili na tarakimu nne: ya kwanza na ya tatu ni mwezi, ya pili na ya nne ni mwaka. 0093 ni mwezi wa 9, 2003. Kuanzia 2007 mwezi ukawa wiki, na 2021 wakaacha, wakaingia kwenye chipu ya kielektroniki inayofichwa ndani ya mkoba. Niliwahi kuletewa mkoba wenye 1094. Soma mwenyewe: mwezi wa 19, mwaka 2004. Chanel nao waliacha stika zao za namba mwaka huohuo wa 2021.

Kuhusu kuutunza nitasema mawili tu. Usipake mafuta ya nazi, yanaitia ngozi weusi na baadaye yanachacha. Na masika yakikaribia toa mikoba kwenye mifuko ya plastiki, uifunge kwa kanga kuukuu, uiache pahala penye upepo. Koga ikitokea futa kwa kitambaa kikavu, kivulini.

Mteja mwambie unachokijua, na usichokijua mwambie hukijui. Wageni wetu wengine wanarudi Ufaransa, na forodha ya kule hunyang'anya bidhaa ya kughushi hata ikiwa ya mtu binafsi, na faini juu. Sitaki mtu asimamishwe uwanja wa ndege kwa neno langu.

Nina mmoja kabatini tangu Ramadhani, mweusi, ngozi nzuri, shaba nzuri, mshono mzuri, lakini ile chapa ya ndani herufi zake zimekaa nene kuliko ninavyozifahamu. Nimeshaulizwa bei mara nne. Kila mara najibu kuwa huo bado hauuzwi.