Kuchapa haraka kwa Kiswahili: zoeza vidole kwa maneno yetu

Vijana wanaokuja kujifunza kazi kwetu steshenari, hapa Tabora mjini, huuliza jambo moja kabla ya yote: nifanyeje nichape haraka? Huwa nawaambia mambo mawili. Acha kuangalia kibodi, na fanya mazoezi kwa Kiswahili. La kwanza utafundishwa popote. La pili halisemwi sana, na ndilo lililonisaidia zaidi.

La kwanza halina maneno mengi. Papasa F na J, utakuta kila moja ina kijimstari kilichoinuka. Hapo vikae vidole vya shahada, vingine vijipange pembeni: A, S, D kushoto, na K, L na nukta mkato kulia. Kidole kikishabonyeza, kirudi kwake. Mwanzoni utakuwa mzito kuliko ulipokuwa ukidonoa kwa vidole viwili, na hapo ndipo wengi wanapoacha. Usiache. Funika mikono kwa kitambaa ikibidi.

Sasa Kiswahili. Mpangilio huu wa herufi za kibodi, uitwao QWERTY kwa herufi zake sita za kwanza juu kushoto, ulianzia Marekani miaka ya 1870, kwenye taipureta za watu wanaoandika Kiingereza. Mazoezi mengi ya mtandaoni nayo ni ya Kiingereza, hivyo yatakusumbua na Q na X ambazo maneno yetu hayana, na kupita juujuu pale penye kazi. Sisi tuna A kila mahali: wa, ya, za, na, ka. Hiyo A ni ya kidole kidogo cha kushoto, kidole dhaifu, na kwenye "za" kidole hichohicho ndicho kinachobonyeza Z. "Ki" yote ni ya kidole cha kati cha kulia, kwa hiyo "kila", "kitu" na "kikao" lazima kidole kimoja kipande na kushuka. Ama "huyu", herufi zote nne ni za kidole cha shahada cha kulia. "Hujumu" vilevile, zote sita!

Ukiona unakwama kwenye neno, tafuta ni herufi zipi mbili zinazokukwamisha, kisha jaza ukurasa kwa maneno yenye herufi hizo: kwanza, mazao, zawadi, zabuni. Polepole kabisa. Usisahau ritifaa ya "ng'ombe" na "ng'ambo". Ni ya kidole kidogo cha kulia, na wengi huitafuta kwa macho miaka yote.

Mji wetu una historia na kazi hii. Chuo cha uhazili kilikuwa hapa, na leo ni kampasi ya Chuo cha Utumishi wa Umma. Nimewahi kukaa karibu na mama mmoja mstaafu aliyefunzwa kwa taipureta, enzi ambazo kosa lilikulazimu kufuta kwa wino mweupe au kuanza karatasi upya. Hakimbii kwenye maneno mepesi. Mdundo wake ni uleule kwenye "na" na kwenye "halmashauri", na kazi yake inaisha kabla ya yangu. Tangu nimwone, mdundo ndio ninaoufundisha. Kasi inakuja yenyewe.

Usahihi una uzito zaidi kwa kazi tunazoletewa: mitihani ya shule, mihtasari ya vikundi, hati za mauziano ya viwanja. Sifuri moja ikizidi kwenye vipimo vya kiwanja, umewapandia watu ugomvi. Tarakimu zote namsomea mteja kwa sauti, naye akiwa ameshika karatasi yake.

Jambo jingine, Word ikiwa imewekewa Kiingereza hupiga mstari mwekundu chini ya karibu kila neno la Kiswahili. Macho yakishazoea wekundu huo, kosa la kweli linapita. Zima ukaguzi huo, zima na masahihisho yanayojifanya yenyewe, usome kwa macho yako.

Na ukipima kasi, ujue programu nyingi huhesabu "neno" kuwa mibonyezo mitano, pamoja na nafasi. "Tunawakumbusha" ina herufi 14, yaani karibu maneno matatu. Kwa hiyo usijilinganishe na anayechapa Kiingereza kwa kuhesabu maneno kwenye karatasi. Chagua aya moja ya Kiswahili, ichape kila asubuhi kabla wateja hawajaja, na siku makosa yakiongezeka punguza mwendo mpaka mdundo urudi.