Reli ya Nakuru hadi Kisumu: awamu ziishie penye watu
Ndugu yangu, umeuliza kama reli ya abiria Nakuru-Kisumu ijengwe yote mara moja ama kwa awamu. Mimi nasema awamu, lakini kila moja iishie penye watu wanaenda kweli. Angalia SGR, ile reli mpya ya kutoka Mombasa, ilifika Nairobi 2017, ikasongezwa hadi Suswa, huko Bonde la Ufa, 2019, na wa Kisumu akishuka hapo bado safari ni ndefu. Ile reli ya zamani iliyofika Kisumu 1901 ina upana wa mita 1, SGR ni milimita 1,435, kwa hivyo behewa haliwezi kupita moja kwa moja, lazima watu washuke wabadilishe. Pangeni hapo pa kubadilisha mapema, na stesheni iwe karibu na steji ya matatu, mama wa omena na gunia lake asilipe boda tena.