"Kinyozi alikuwa upande ule"

Dada mmoja aliyeko Ohio ameniandikia. Shule yake imemtwika shughuli za Mwezi wa Historia ya Watu Weusi, naye amekulia Morogoro. "Nitawaambia nini watoto wa Kimarekani?" Nilicheka, kisha nikanyamaza. Swali hilo liliwahi kunitoa machozi kwenye choo cha walimu.

Mwaka wangu wa kwanza hapa Pittsburgh niliingia darasa la tano na karatasi sita za tarehe. Nikawamwagia habari za Hill District, mtaa wa Watu Weusi hapa jijini: kwamba mwaka 1956 jiji lilianza kubomoa sehemu ya chini ya mtaa huo, watu wapatao 8,000 wakahamishwa, wengi wao Weusi, ili kupisha ukumbi wa michezo wenye paa la kufunguka. Watoto wakapiga miayo. Mmoja akauliza, "Mwalimu, kwani wewe ni wa hapa?" Mwalimu mwenzangu akatia chumvi kwenye kidonda: eti historia hii ifundishwe na wenyewe. Neno hilo linaniuma hadi leo, sifichi.

Kilichoniokoa ni picha za Teenie Harris, mpiga picha wa Pittsburgh Courier, gazeti la Watu Weusi. Aliacha picha karibu 80,000, na zimehifadhiwa Carnegie Museum of Art. Vinyozi, harusi, watoto wakicheza barabarani, wacheza besiboli. Nikachapa nakala, nikaleta mikasi na gundi. Nikawaonyesha pia ile picha kubwa ya vigae ya msanii Mweusi Romare Bearden kwenye stesheni ya treni ya Gateway. Naye aliwahi kuishi Pittsburgh kwa bibi yake. Kila kundi likajenga kipande cha Wylie Avenue, barabara ya Hill District, kwa karatasi za kubandika. Na nyumbani wakaulize wazee: duka gani lilikuwa jirani na lipi?

Siku ya maonyesho bibi wa mtoto mmoja alisimama mbele ya kazi yao, akatikisa kichwa. "Kinyozi alikuwa upande ule." Mzee mwingine akabisha. Mara wazee wanne wanazozana juu ya mtaa uliobomolewa wangali watoto, na mjukuu kapiga magoti chini anambandua kinyozi, gundi haijakauka.

Hapo ndipo nilipojua kazi imefika. (Jina langu halikuwamo kwenye ratiba ya siku ile. La yule mwenzangu lilikuwamo.)

Kwa hiyo dada, usianze na tarehe, anza na mkasi. Tarehe watazitafuta wenyewe wakitaka kujua kwa nini mtaa haupo. Na sisi tuliotoka mbali tuache kujifanya wajuzi: uliza, kisha waache wazee wakusahihishe mbele ya watoto. Mwalimu anayeogopa kusahihishwa akafundishe hesabu. Hata huko atasahihishwa.

Gundi nunua ya kijiti. Ya maji hukunja picha.