Maoni ya Mtu Mmoja na Matokeo ya Nchi Nzima: Maswali na Majibu

Nina majibu ya watu 45,000 kutoka nchi 30 kuhusu imani yao kwa serikali, na tokeo ninalolichunguza ni kiwango cha ukusanyaji kodi cha kila nchi. Je, niwaingize wahojiwa wote kwenye regresheni moja (hesabu inayokadiria jinsi kitu kimoja kinavyohusiana na kingine)?

Hapana. Kiwango cha kodi kina thamani moja tu kwa kila nchi, na ukikirudia kwa wahojiwa 1,500 wa nchi hiyo, programu itahesabu ushahidi huru 45,000 ilhali unao 30 tu, hivyo kosa sanifu, yaani kipimo cha shaka iliyomo kwenye makadirio, litakuwa dogo kupita kiasi. Zaidi ya hayo, mgawo wenyewe, yaani namba inayoonyesha ukubwa wa uhusiano, utapotoka: ikiwa asilimia 5 tu ya mtawanyiko wa imani (jinsi majibu yanavyotofautiana) iko kati ya nchi na nchi, mgawo utakaoupata utakuwa takriban asilimia 5 ya ule uliopo kati ya nchi. Modeli ya kawaida ya ngazi nyingi haitakusaidia hapa, kwa kuwa imeundwa kueleza tokeo la mtu kwa sifa za nchi yake, nawe unatoka kwa mtu kwenda kwa nchi.

Basi nitumie wastani wa kila nchi?

Ndiyo, kwa tahadhari. Mwaka 2007 Marcel Croon na Marc van Veldhoven walionyesha kwamba wastani wa sampuli, ukitumiwa kana kwamba ndio hali halisi ya kundi, kwa kawaida hupotosha makadirio. Wao walipendekeza kuyachukulia majibu ya watu kuwa viashiria vya sifa ya kundi isiyoonekana moja kwa moja. Uzito wa tatizo hilo unategemea idadi ya wahojiwa. Chukua mtawanyiko wa 0.05 kati ya nchi na 0.95 ndani ya nchi: kwa wahojiwa 1,500, utegemekaji wa wastani (kadiri unavyoakisi hali halisi ya nchi, 1 ikiwa kamili) ni 0.05 ÷ (0.05 + 0.95/1,500), yaani takriban 0.99, kwa wahojiwa 30 unashuka hadi 0.61. Kwa sampuli zako, kwa hiyo, ninahofia zaidi uzani wa sampuli (marekebisho ya kuifanya ifanane na watu wa nchi nzima), na kama swali la dodoso lilieleweka kwa namna ileile katika lugha zote. Idadi kubwa ya wahojiwa haitibu kasoro hizo.

Nchi zenye imani kubwa zikikusanya kodi zaidi, je, wenye imani ndio wanaolipa?

Data hizo hazithibitishi hilo. Mwaka 1950 William Robinson alitumia sensa ya Marekani ya 1930 kulinganisha kuzaliwa ugenini na kutojua kusoma na kuandika. Kwa mtu mmojammoja uhusiano, kwenye kipimo cha −1 hadi 1, ulikuwa chanya, takriban 0.12, kwa majimbo ulikuwa hasi, takriban −0.53, kwa sababu wahamiaji walikuwa wengi zaidi katika majimbo ambayo wenyeji wake walijua kusoma. Tarakimu zote mbili ni sahihi, ila kila moja inajibu swali lake.

Nchi 30 zinatosha?

Zinatosha kwa modeli yenye vigezo (mambo yanayotumiwa kueleza tokeo) viwili au vitatu, si kumi. Ondoa nchi moja baada ya nyingine uone kama matokeo yanabadilika. Ukiwa na awamu kadhaa za utafiti, linganisha kila nchi na nafsi yake kadiri miaka inavyopita, na uhakikishe kwamba imani ilipimwa kabla ya kodi kukusanywa, kwa sababu huduma zinazotokana na kodi nazo zaweza kuzaa imani.