Barua kwa Mwanangu: Kuhusu Tausi Asiyezitaka Nguvu Zake

Mwanangu mpenzi,

Barua yako niliipata juzi pamoja na sura tisa za mswada wako, nami nimezisoma mara mbili: mara ya kwanza kama msomaji anayetaka kuburudika, mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi, kama nilivyozoea kufanya kwa miswada ya watu wengine miaka yote hii. Umeniuliza jambo moja. Wasomaji wako watatu wa kwanza wamekuambia kwamba Tausi, mhusika wako mkuu, anachosha kwa malalamiko, nawe unataka kujua kama umfanye azikubali nguvu zake tangu sura ya kwanza ili hadithi ipate mwendo. Jibu langu ni kwamba usimfanye akubali. Kukataa kwake ndiko riwaya yako yenyewe. Kinachokosekana ni sababu, kwa maana mpaka sasa tunamsikia akikataa lakini hatujaonyeshwa anakataa ili kulinda kitu gani.

Wazo lako limenifurahisha sana. Msichana mkaguzi wa hesabu, mtu wa tarakimu na mihuri, ambaye kila mlango anaoufungua kwa mkono mtupu hufunguka pia upande wa pili wanakoishi majini, hata ikambidi ashinde na glavu mchana kutwa: hapo pana kicheko na pana hofu. Lakini katika sura tano za mwanzo nimehesabu neno "sitaki" mara kumi na tisa. Analisema kwa jini mlinzi, analisema kwa rafiki yake, analisema peke yake mbele ya kioo, na kila mara linatoka na uzito uleule. Mtu anayekataa jambo bila sisi kujua ana nini cha kupoteza huonekana mvivu au mwoga, hata kama mwandishi wake hakukusudia hivyo, na hicho ndicho wasomaji wako walichokihisi walipotumia neno malalamiko.

Joseph Campbell, alipochambua visasili vya mataifa mengi katika kitabu chake cha mwaka 1949, aliipa hatua hii jina la kukataa wito. Katika ngano nyingi ni hatua fupi: shujaa anaitwa, anasita, anasukumwa, anakwenda. Fantasia ya mjini iliyo nyepesi, yaani hadithi ya viumbe wa ajabu katika mji wa kawaida wa leo, hasa ile yenye mhusika mkuu wa kike, imeichukua hatua hiyo fupi ikairefusha mpaka ikatosha kubeba kitabu kizima, na ndiyo maana ni lazima ndani yake kuwe na kitu cha kuibeba. Emma Bull alilifahamu hilo mapema. Katika War for the Oaks, iliyotoka mwaka 1987, Eddi ni mwanamuziki wa roki wa mji wa Minneapolis anayeburutwa kuingia katika vita vya viumbe wa ngano, kwa sababu viumbe hao hawawezi kuuana vitani mpaka awepo mwanadamu. Hakuomba wala hakupenda. Hata hivyo msomaji hamchoki, kwa kuwa tangu mwanzo anajua Eddi anataka nini: ameachana na bendi yake ya zamani na anataka kuunda nyingine. Vita vinamkuta akiwa na shughuli zake, na shughuli hizo hazisimami kwa ajili ya vita.

Nimemkumbuka pia Adili wa Shaaban Robert, katika Adili na Nduguze ya mwaka 1952, na nakuomba ukisome tena kitabu hicho kabla hujaandika neno jingine. Kila usiku Adili anawapiga nyani wawili ambao ni ndugu zake wa damu, kwa amri ya Huria, jini aliyewageuza, ilhali moyo wake hautaki kabisa. Mkono unafanya jambo ambalo moyo unalipinga, tena katika chumba kimoja, na msomaji anayaona yote mawili kwa pamoja. Nakwambia, mwanangu, nguvu ya mhusika asiyetaka iko hapo, katika umbali uliopo kati ya asemalo na atendalo. Adili anatenda asichokitaka kwa sababu analazimishwa. Tausi wako anaweza kutenda anachosema hataki kwa sababu ana huruma, na huko ndiko kicheko chema kinakotoka.

Wewe mwenyewe umeshaliandika hilo bila kujua. Katika sura ya sita Tausi amebaki ofisini usiku, printa imekwama, naye anaufungua mlango wake mdogo wa pembeni akiwa amesahau kuvaa glavu. Ndani anamkuta jini mwenye kimo cha kidole cha shahada, amejikunja kati ya roli mbili, ametapakaa wino hadi masikioni na analia kwa sababu amepotea njia. Tausi anamwambia kwa ukali kwamba yeye hana habari na mambo hayo na kwamba asubuhi atamwita fundi. Huku akisema hivyo, anaivuta karatasi iliyokwama taratibu, milimita baada ya milimita, isije ikamkwaruza mgongo. Niliposoma hapo niliweka kalamu chini. Mahali hapo hakuna neno hata moja la kuongeza, na tukio hilo halikupasa kusubiri mpaka sura ya sita. Lipeleke katika sura ya pili, na utaona kwamba "sitaki" zote zinazofuata zitasikika kwa sauti tofauti, kwa kuwa msomaji atakuwa ameshauona mkono wake ukifanya kazi.

Kuhusu kitu anachokilinda, nacho kipo, isipokuwa umekificha katika sentensi moja ya sura ya nane. Umesema baba yake haoni tena, na kwamba humtambua kila anayeingia kwa kumshika mkono pale mlangoni. Basi fikiria binti huyu anayefika kila jioni na kusita mbele ya mlango wa baba yake, akijua kwamba akiufungua kwa mkono mtupu atawafungulia majini nao, na akiufungua kwa glavu baba atashika kitambaa badala ya kumshika mwanawe. Tausi hazitaki nguvu zake kwa sababu zinamnyang'anya salamu ya baba yake. Ukimpa msomaji jambo hilo mapema, unaweza kuzifuta "sitaki" kumi na saba kati ya zile kumi na tisa, na zitakazobaki zitamgusa.

Umegusia pia hofu yako kwamba ucheshi utaifanya hadithi ionekane ya kitoto. Hautafanya hivyo, madhali dunia zote mbili zinachukuliwa kwa uzito. Katika Dracula ya Bram Stoker, iliyochapishwa mwaka 1897, mnyonya damu wa karne nyingi anaandamwa na watu wenye taipureta, fonografu na ratiba za treni, na vifaa hivyo vya kawaida ndivyo vinavyotufanya tusadiki kwamba amefika mjini kweli. Tausi naye abaki na ukaguzi wake. Jini akija kudai deni la mababu, amwombe risiti, na aombe kwa dhati, kwa sababu ndivyo mkaguzi anavyofikiri. Jini naye aone swali hilo ni zito na akaitafute risiti hiyo. Usimgeuze kuwa kikaragosi, maana jini asiyetisha hata kidogo hana cha kuchekesha.

Mwisho wa kitabu sitakuchagulia. Ila kama unaniuliza ninachotamani kukiona, natamani mlango wa baba ufunguliwe kwa mkono mtupu mara moja tu, Tausi akiwa bado hajasema kwamba amekubali.

Nitumie sura ya pili mpya hata kama haijakamilika, na yule jini wa printa usimwondoe kwa ushauri wa mtu yeyote.

Mama yako akupendaye