Umesimikwa mzee wa kanisa: shauri la nani ulifuate?

Ukishasimikwa uzee wa kanisa, washauri hutahangaika kuwatafuta. Watakuja wenyewe. Yupo atakayekusubiri nje ibada ikiisha, yupo atakayekupigia saa nne usiku kwa sababu kuna jambo Mungu ameliweka moyoni mwake kwa ajili yako, na yupo atakayekuletea samaki wawili wakavu aina ya migebuka pamoja na neno moja dogo tu kuhusu mhazini. Wote watakuita mtumishi. Wote wana mstari wa Biblia. Kabla hata hujajua ufunguo wa stoo anakaa nao nani, umeshatakiwa kuamua umsikilize yupi, na kwenye semina ya viongozi wapya jambo hili huguswa kidogo dakika za mwisho, watu wakiwa tayari wananusa pilau.

Nimekaa kwenye mabaraza ya kanisa hapa Kigoma muda wa kutosha, vijijini na mjini, na wazee wapya huwa nawaambia jambo moja. Kabla hujauliza kama shauri ni zuri, uliza likienda kombo atakayelipa ni nani. Mithali 11:14 inasema kwa wingi wa washauri huja wokovu, na mstari huo utausikia sana kwa yule anayetaka kuongeza mtu wake kwenye kamati. Lakini ukiwa na washauri kumi na wote wako salama hata mambo yakiharibika, hapo huna washauri kumi. Una mmoja mwenye sauti kumi.

Chukua 1 Wafalme sura ya 12, usome taratibu. Rehoboamu amekwenda Shekemu kutawazwa, na watu wanamwomba awapunguzie mzigo waliotwikwa na baba yake, Sulemani. Anaomba siku tatu. Wazee waliomtumikia baba yake wanamwambia awatumikie watu hawa leo na awajibu kwa upole. Vijana waliokua pamoja naye wanamwambia awajibu kwamba baba yake aliwapiga kwa mijeledi, yeye atawapiga kwa nge. Mahubiri mengi niliyosikia huishia hapo: wasikilizeni wazee, vijana damu inachemka. Sasa nenda sura ya 14, mstari wa 21. Rehoboamu alianza kutawala akiwa na miaka 41. Hao vijana waliokua naye walikuwa watu wazima kama yeye. Kilichowatenganisha na wale wazee hakikuwa mvi. Walikuwa watu wake, waliosimama mbele yake; yeye akipanda, nao wanapanda.

Kilichofuata ndicho ninachotaka ukiangalie. Mambo yalipochacha, mfalme alimtuma Adoramu, msimamizi wa shokoa, yaani kazi za kulazimishwa, akaonane na watu. Wakampiga mawe akafa. Mfalme mwenyewe akaparamia gari lake akakimbilia Yerusalemu, na makabila kumi yakawa yamekwenda. Wale washauri wa nge hatuambiwi walipoteza nini. Aliyelipa ni Adoramu, na sijaona mahali alipoulizwa maoni yake.

Kila kanisa lina Adoramu wake. Kwetu huwa ni mama wa idara anayetumwa nyumba kwa nyumba na daftari la michango, au mwinjilisti wa mtaa wa mbali anayepelekewa uamuzi ukiwa umeshapigwa muhuri. Huyo ndiye wa kumsikiliza kwanza, na kwa kawaida ndiye anayesikilizwa mwisho.

Nakumbuka kikao kimoja cha changizo la mabati. Kamati ilikuwa na walimu, karani mmoja na mstaafu wa reli, watu wenye akili zao, na wote walikubaliana changizo lifanyike Jumapili ya mwisho wa mwezi kwa kuwa mishahara imetoka. Hesabu ilipendeza. Karibu na mlango alikuwa amekaa mama mmoja anayeanika dagaa kwenye mwalo wa Katonga, pale samaki wanaposhushwa, mtoto mgongoni. Mwenyekiti akamuuliza, kwa adabu tu, maana ajenda ilikuwa imeshafungwa kichwani mwa kila mtu. Mama akasema, "Jumapili hiyo ni mbalamwezi, baba. Vipe vyote vimepandishwa. Mtakusanya ahadi, hela hamtaiona."

Mtu anayeishi mbali na ziwa anaweza asielewe. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa vipe, yaani vyombo vya kuvulia, na kwa taa, na taa inafanya kazi wakati wa giza. Mwezi ukikomaa, samaki hawaifuati taa, wavuvi wanatulia nchi kavu, wanashona nyavu na kulipa madeni. Fedha ya mwalo haiendi na tarehe za benki, inaenda na mwezi wa angani. Nusu ya waumini wa kanisa lile waliishi kwa ziwa, ama kwa kuvua, ama kwa kuanika, ama kwa kuuza chai kwa wanaovua na kuanika. Na daftari la ahadi zisizolipika lingepitishwa na nani? Na huyohuyo mama. Ndiyo maana aliliona jambo ambalo walimu hawakuliona. Tarehe ilisogezwa mpaka giza lilipoingia tena.

Jambo hilohilo lilijirudia kwa ukubwa mwaka 2024, serikali iliposimamisha uvuvi ziwani kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Bajeti za makanisa mengi ya mwambao hutungwa na watu wenye mishahara. Mzee mpya, ukiwa mtu wa mshahara, lijue hilo kuhusu wewe mwenyewe kabla hujafungua kinywa kwenye ajenda ya fedha.

Usitoke hapo ukidhani nimekwambia uwafuate wazee wa Rehoboamu kwa sababu ni wazee. Geuza ukurasa mmoja tu. Sura ya 13, mtu wa Mungu kutoka Yuda ameagizwa asile mkate wala asinywe maji Betheli, wala asirudi kwa njia aliyoijia. Anamkataa mfalme mwenyewe. Kisha anafuatwa na nabii mzee anayemwambia: mimi nami ni nabii kama wewe, malaika amesema nami, rudi nyumbani kwangu ule. Biblia haizunguki, inasema alimdanganya. Yule mtu akarudi, akala, na njiani simba akamuua. Mzee alimlipia nini? Alimzika kwenye kaburi lake na akamlilia. Sura mbili zinafuatana, katika moja wazee ndio wenye haki, katika nyingine mzee ndiye mtego. Nadhani hazikuwekwa jirani bure, ingawa wasomi wa seminari ya Kipalapala wanaweza kuwa na maelezo bora kuliko yangu.

Nabii mzee wa siku hizi mara nyingi huja kupitia kiwanja. Kwa kawaida ardhi ya kanisa nchini kwetu huandikwa kwa jina la bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, na kanisa lenyewe huwa limesajiliwa kwa Msajili wa Jumuiya. Ni utaratibu unaochosha: fomu, barua, picha, nenda rudi. Ndipo anapotokea mtu wa heshima, pengine mgeni aliyehubiri vizuri wiki nzima, anasema ameoneshwa kwamba adui anataka kukichukua kiwanja, kwa hiyo kiandikwe haraka kwa jina la ndugu fulani mwaminifu, mtabadilisha baadaye. Maono yanaweza kuwa ya kweli, sibishani na mbingu. Mimi nauliza la duniani. Ndugu fulani akifa, watoto wake watakuwa warithi wa kitu kilichoandikwa kwa jina la baba yao, na kanisa litakuwa linahangaika kwenye shauri la mirathi kuthibitisha kwamba lilichangishana. Mgeni atakuwa wapi siku hiyo? Atakuwa anahubiri Mpanda.

Na yule mtu wa Yuda alikuwa na kipimo tayari mkononi. Aliambiwa usile. Shauri lililokuja baadaye lilipingana na agizo alilolipokea mwenyewe, naye akaliacha agizo kwa sababu aliyesema ana mvi na anataja malaika. Katiba ya kanisa lako, taratibu za fedha, watia saini watatu wa akaunti, hayo nayo ni maagizo uliyoyakuta. Shauri lolote linaloanza na "kwa hii mara moja tu" lirudishe kikaoni, hata kama mwenye kulileta ametokwa na machozi.

Hili la kikaoni linafanya kazi kuliko unavyodhani. Mtu akikuletea jambo zito pembeni, mwambie kwa heshima, "Baba, ni neno kubwa hili, naomba ulilete Jumamosi ili katibu aliandike pamoja na jina lako." Mwenye nia njema atalileta. Wengine watasema aa, mzee, lilikuwa wazo tu. Halafu chunga sana kipengele cha mwisho cha ajenda, yale mambo mengineyo, saa kumi na moja jioni, watu wana njaa na akina mama wameshaanza kuondoka kwenda kupika. Nimeona mapendekezo makubwa yakipita hapo kwa dakika tatu, ambayo asubuhi yangebishaniwa mpaka adhuhuri.

Kuhusu wingi wa washauri, kuna sura ya 22 ya kitabu hichohicho cha 1 Wafalme. Ahabu, mfalme wa Israeli, ana manabii kama mia nne wanaomwambia apande Ramoth-Gileadi, na mmoja, Sedekia, amejitengenezea hadi pembe za chuma. Yehoshafati, mfalme wa Yuda, anauliza kama hakuna nabii mwingine. Yupo, anasema Ahabu, lakini namchukia, hanitabirii mema. Mjumbe anayekwenda kumwita Mikaya anampa shauri njiani ambalo nawe utapewa kabla mwezi haujaisha: wenzako wote wamesema neno moja, nawe sema mema. Kwa lugha ya kwetu, mzee usiharibu, tumeshakubaliana. Mikaya alisema alichopewa kusema, akapigwa kofi na Sedekia, akapelekwa gerezani kula mkate wa shida. Tazama nani alilipa kwa ajili ya maneno yake. Wale mia nne hatuambiwi walilipa nini; mmoja alilala ndani.

Ila nikuonye. Si kila mpinzani ni Mikaya. Kanisani kwako yupo mtu anayepinga rangi ya mapazia, saa ya ibada na mahali pa choo, naye kupinga kunampa faida yake: anaonekana. Ukitaka kumjua, muombe asimamie hilo analolitaka. Mikaya alikuwa tayari kukaa ndani mpaka ukweli ujulikane. Huyu wako hata kusimamia fundi wa choo atasema ana safari ya Uvinza.

Na matajiri? Mwenye kutoa mabati hamsini anastahili shukrani na chai. Kiti cha ziada kwenye baraza hastahili. Ni hivyo tu.

Mashauri ya mchungaji yapokee kwa uzito wake, maana yeye naye hulipa, tena hulipa pamoja na watoto wake. Pale usipokubaliana naye, mwambie ofisini, mlango ukiwa umefungwa, kisha mkitoka muwe na sauti moja. Mashauri ya mama mchungaji sitayagusa hapa. Bado nasali kanisa hilohilo.

Limebaki la ndoto, na hili ndilo linalowasumbua sana wapya, kwa sababu wanaogopa kumpinga Mungu. Fungua Matendo 21. Paulo yuko Kaisaria, Agabo anashuka kutoka Uyahudi, anauchukua mshipi wa Paulo, anajifunga mikono na miguu, anasema mwenye mshipi huu atafungwa hivi Yerusalemu. Soma tena, uone Agabo hakusema usiende. Walioomba asiende ni waliokuwepo, pamoja na Luka mwenyewe anayeandika "sisi." Neno lilikuwa la Roho, lakini uamuzi uliotolewa kwenye neno hilo ulikuwa wao, umetoka kwenye upendo na hofu. Mtu akija na ndoto, tenganisha. Umeona nini? Sawa. Na kwamba tusijenge mwaka huu, hilo umeambiwa au umelipata kwa kufikiri? Muulize bila ukali. Wengi watafikiri kidogo na kukujibu kwa unyofu.

Tena wale ndugu wa Kaisaria wana somo ambalo sijalisikia likihubiriwa. Walilia, wakabembeleza, shauri lao likakataliwa. Wakasema mapenzi ya Bwana na yatendeke, halafu baadhi yao wakafunga safari pamoja na Paulo mpaka Yerusalemu, wakamfikisha nyumbani kwa Mnasoni wa Kipro apate pa kulala. Hawakununa wakabaki Kaisaria kusubiri kusema si tulisema. Ukipata mtu wa namna hiyo barazani, aliyeshindwa hoja Jumamosi na Jumatatu amekuja na jembe lake kwenye msaragambo wa kazi aliyoipinga, mweke karibu. Shauri lake lijalo lisikilize mara mbili.

Nawe unapolikataa shauri la mtu, mfuate ukamwambie mwenyewe kabla tangazo halijasomwa madhabahuni, umpe na sababu. Usimtumie ujumbe wa simu. Akinuna wiki mbili tatu, mwache anune, endelea kumsalimia, na kikao kijacho muulize tena anaonaje.