Jibu: Huna makaratasi Johannesburg, na mtoto amekataliwa shule

Dada yangu, umeandika kwamba binti yako wa miaka saba amekataliwa shule kwa kukosa cheti cha kuzaliwa, na kwamba kuna wanaume walikudai kitambulisho getini kliniki. Pole sana.

Anza na shule. Desemba 2019, Mahakama Kuu ya Makhanda, hapo Afrika Kusini, iliamua kuwa mtoto asikataliwe shule ya serikali kwa kukosa hati. Hati ya kiapo ya mzazi, yaani maelezo yake aliyoyaapia kwa maandishi, inatosha kuthibitisha kuzaliwa kwake. Mpelekee mwalimu mkuu kiapo hicho, na akikataa, mwombe akuandikie sababu kwa maandishi. Wengi hulegea hapo hapo.

Wale wa getini hawana mamlaka. Kwa sheria ya uhamiaji, anayeweza kudai hati ni polisi au afisa uhamiaji. Hata hivyo usibishane nao ukiwa na mtoto. Ondoka, tafuta kliniki nyingine. Ikiwa ni dharura, kifungu cha 27 cha Katiba kinakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu.

Dalali anayekuuzia vibali vya kuishi mkimbie kabisa. Kibali bandia kitakuongezea kesi, na hela hairudi. Nenda Lawyers for Human Rights, shirika la wanasheria wa haki za binadamu, wanasaidia bure, uwaeleze ukweli wote.

Na majirani? Jifunze Kizulu, hata cha salamu tu. "Sawubona, mama" kila asubuhi kwa mama wa nyumba ya pili. Siku ya vurugu dhidi ya wageni, huyo ndiye atakayekugongea mlango mapema kukuonya.